Mke Mkubwa wa Kihagara

Mbinga, 18 Februari 2024

Mke wangu Bibi Vitalia,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa kivulini na mgongo umekupa likizo. Huku mvua imenyesha wiki nzima, njia ya kuja gereji imekuwa bwawa la bata, na pikipiki zinaletwa kwangu zimejaa matope mpaka kwenye taa. Kwa fundi hiyo ni neema. Mama mwenye nyumba anakusalimu sana.

Wale dagaa wa usipa uliompa Bakili aniletee na mzigo wake wa biashara walifika nusu. Nusu nyingine anasema ililiwa na paka wa Mbamba Bay. Paka huyo namjua, ana ndevu na anavaa baraghashia.

Bibi, nina swali dogo. Mwezi wa kwanza nilipokupeleka ile zahanati ya nyuma ya soko ukapimwe presha, mimi nilitoka kidogo kuangalia pikipiki yangu. Nilipokuwa nje, ulimwambia nini Kauthar, yule binti wa mapokezi?

Nauliza kwa sababu zahanati imeacha makaratasi, kila kitu sasa kiko kwenye kompyuta. Ni jambo jema, sikatai. Mtaa huu wetu ni wa watu wa kuhamahama vyumba, wanawake wa kuchambua kahawa, wabeba magunia. Mtu akihama, daftari lake la matibabu linapotea, au mtoto analichana, au bati linavuja juu yake, na daktari anaanza kumuuliza upya tangu utotoni. Sasa ukishaandikwa Mbinga, hata zahanati ya huko Kihagara wakifungua mashine wanakuona.

Lakini mashine hiyo imeniletea ujumbe kwenye simu. Unasema hivi: "Ndugu ERASMO CHIWANGU, mwenza wako VITALIA CHIWANGU hajahudhuria kliniki ya presha. Tafadhali fika naye kituoni."

Mwenza, Bibi. Na ujumbe ulisomwa na mtu ambaye sikupenda ausome. Sielezi zaidi kwa sababu Bakili anajua kusoma.

Nijibu upesi kwa barua, maana simu hutaki kuwa nayo. Na kliniki mbona hukwenda?

Mjukuu wako, na kwa mujibu wa serikali mumeo,
Erasmo


Kihagara, 9 Machi 2024

Mume wangu Erasmo,

Marahaba. Barua yako nimeipata jana. Bakili aliitia kwenye magunia ya usipa, kwa hiyo niliinusa kabla sijaisoma. Hapa tupo. Ziwa lilichafuka wiki mbili, hata dagaa wa kulilia ugali hakuna. Shangazi yako Gaudiosa kapata mjukuu wa kike, wamempa jina langu bila kuniuliza, na mtoto ana sauti kweli. Mbuzi wangu aliingia kwenye muhogo wa kanisa, katekista amekuja kulalamika, nikamwambia mbuzi naye ni kiumbe wa Mungu, anakula kwa Baba yake.

Sasa Kauthar. Yule binti ana adabu, aliniamkia mara mbili. Akauliza jina, nikataja. Akauliza mwaka, nikamwambia arobaini na sita, kama ilivyo kwenye cheti changu cha ubatizo. Akauliza, "Mwenza wako nani?" Mimi nilivyolelewa, mwenza ni mwanamke mwenzio mnayegawana mume. Nikamwambia sijawahi kuwa naye, Nicholaus hakuthubutu. Kumbe siku hizi mwenza ndiye mume. Nikamwambia basi, mume Mungu alishamchukua. Akasema, "Bibi, mashine haikubali pabaki wazi, nikiruka hapo haifungui ukurasa wa pili." Nyuma yangu foleni imefika mlangoni, mama mmoja ana mtoto anachemka homa. Ningefanya nini? Nikasema mwandike Erasmo, ndiye mume niliyebaki naye, nimemlea tangu hajui kufuta kamasi. Akacheka, akaandika, na namba yako ya simu nikampa.

Kosa liko wapi? Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake tangu dunia iumbwe. Kompyuta imeyakuta hayo.

Na mimi nina swali dogo. Huyo mtu aliyesoma ujumbe hana jina? Bakili anajua kusoma, na kusema anajua zaidi. Anasema anaitwa Devotha, ni nesi hapo hapo zahanati, baba yake ni Mzee Xaveri wa Litembo mwenye kahawa, na kwamba mmeshapeleka posa. Posa, Erasmo. Mume wangu anaoa na mimi naambiwa na muuza usipa.

Kuhusu kliniki, nilikuwa na shughuli.

Mkeo mkubwa,
Vitalia


Mbinga, 17 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kuomba radhi. Nilitaka nije mwenyewe Pasaka, nikuletee habari kwa mdomo na kanga mkononi. Bakili amenitangulia. Hongera kwa wajina wako, mwambie Shangazi nitamtafutia sweta.

Sasa nikueleze yote maana hakuna tena la kuficha. Devotha alikuwa ameshika simu yangu tukipiga picha, ujumbe ukaingia. Kesho yake, akiwa kazini, akalifungua faili lako. Haruhusiwi kufungua faili la mgonjwa asiyemhudumia, na mganga mfawidhi amemkaripia mbele ya wenzake, lakini maji yalishamwagika. Unajua alichokuta? Vitalia Chiwangu, mke wa Erasmo Chiwangu, mkazi wa Kihagara, umri miaka arobaini na sita. Kauthar alikuuliza mwaka, ukampa arobaini na sita, naye akauandika kuwa ndio umri wako.

Devotha hakuwahi kusikia jina Vitalia. Siku zote mimi nasema Bibi, na watu wa huko wakija hapa wanakuita Mama Placidi kwa jina la marehemu baba. Nilipomwambia Vitalia ndiye Bibi, alikuwa ameshampigia baba yake. Na Mzee Xaveri ana jibu moja tu: "Kila mwanaume akishikwa, mwanamke huwa ni ndugu yake." Nikamwonyesha picha yako. Akasema picha ya bibi kizee kila mtu anayo. Nikamfuata Kauthar atoe ushahidi, akasema anaandikisha watu kutwa nzima, sura zote zimekuwa moja.

Mtaani ndiyo usiseme. Inasemekana nimewekwa na jimama la ziwani, lina mitumbwi mitano na friji. Watu wanaleta pikipiki zisizo na ubovu wowote ili mradi waje wanitazame.

Ndoa tulikuwa tumeipanga Agosti, kahawa ikishavunwa. Mzee amekwenda kwa paroko kusema matangazo ya kanisani yasisomwe mpaka amwone huyo Vitalia kwa macho yake. Bibi, njoo. Siku moja tu. Nimeshaongea na dereva wa Noah, utakaa mbele. Usimame mbele ya mzee akutazame, mambo yaishe. Devotha nampenda, na safari hii sitanii.

Ujumbe mwingine umekuja leo. Kliniki hukwenda tena.

Erasmo


Kihagara, 7 Aprili 2024

Mume wangu,

Marahaba zote mbili nimezipokea. Pasaka imepita salama, kwaya iliimba mpaka padre akasahau mahubiri, naye hakuonekana kujuta. Gaudiosa anasubiri sweta. Katekista amepiga uzio wa miiba, mbuzi ameula uzio.

Nimesoma habari za mitumbwi mitano. Waambie sita. Na hilo friji ni la milango mingapi? Hilda jirani yangu nilipomsomea alikaa chini, na tangu siku ile tukienda kuchota maji ananipisha njia. Nimeanza kutembea kwa maringo kidogo, nyonga ikiruhusu.

Kuja huko, siji. Muhogo haujamenywa. Tena barabara imekatika pale kwenye daraja. Tena kiti cha mbele kinanitia kichefuchefu. Hizo ni sababu za kumpa dereva. Ya kwako ni hii: tangu lini mke mkubwa akapakiwa kwenye gari kwenda kujieleza kwa baba wa mke mdogo? Mke mdogo ndiye huja, akapiga hodi, akasema jina lake. Ningeambiwa tangu mwanzo ningekwenda Litembo kwa miguu. Sikuambiwa.

Nesi wa hapa ameniuliza mbona sionekani kliniki. Ni kweli mashine yao inaniona. Akasema nikikosa, mume wangu hupata ujumbe. Nikamuuliza, kila nikikosa? Akasema kila ukikosa.

Barua zako siku hizi zinakuja nyingi, nimefurahi. Mwaka jana mzima nilipata moja, nayo ilikuwa ya kuomba unga wa muhogo.

Mkeo mwenye mitumbwi,
Vitalia


Mbinga, 21 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo iko gereji.

Baada ya kuona huji, nilikwenda zahanati nikamwambia Kauthar anifute, nisiwe mwenza wako tena. Akafungua, akabonyeza, mashine ikauliza sababu ya kumwondoa mwenza. Majibu ni mawili tu: talaka, au kifo. La tatu halipo. Kauthar akanitazama, "Nichague lipi?" Foleni nzima ikaanza kunishauri. Mbeba magunia mmoja akasema talaka, wanaume hupumulia hapo. Mama mwenye mtoto mgongoni akasema kifo, kwani kifo cha kwenye kompyuta hakina matanga.

Nikifikiria talaka, namwona Mzee Xaveri akisema, kumbe alikuwa mke kweli na sasa amemwacha, na paroko ananiuliza nani alinifundisha dini. Nikifikiria kifo, zahanati ya Kihagara watasema marehemu hapewi dawa. Nikamwambia Kauthar afunge. Hata umri wako hawezi kuubadilisha, mpaka aje fundi wa mfumo kutoka Songea, ambaye amekuwa akija wiki ijayo tangu Februari.

Mzee amesema anangoja mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo posa yangu inarudi. Devotha tukikutana ananiamkia kama anavyomwamkia mgonjwa.

Na ujumbe umekuja wa tatu. Bibi, presha si jambo la kucheka. Babu naye alisema ana shughuli, akaanguka pale pale uani, mimi nikiwa darasa la nne nikadhani anatania. Naogopa. Nenda kliniki. Utani una mwisho wake.

Erasmo


Kihagara, 5 Mei 2024

Erasmo,

Marahaba. Watu wote hawajambo. Mbuzi hajambo.

Umeandika kwamba utani una mwisho wake. Nimesikia. Talaka sipokei, mimi ni Mkatoliki, na kufa sijafa. Habari za kliniki usiniulize, na mambo ya huko malizeni wenyewe kwa kompyuta yenu.

Bibi yako,
Vitalia


Mbinga, 19 Mei 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ulipoandika "bibi yako" badala ya "mkeo", sikula siku ile. Nisamehe kwa neno langu kali.

Salamu nafupisha maana Bakili amewasha gari. Mzee Xaveri amechoka kungoja. Anateremka huko Kihagara mwenyewe, Alhamisi ya tarehe thelathini, pamoja na Devotha, kumtafuta Vitalia amwambie maneno yake usoni. Mimi amenikataza kufuatana nao, eti nisije nikampanga mtu.

Nakuomba uwepo nyumbani. Vaa gauni la kanisani. Toa cheti cha ubatizo ukiweke mezani. Zaidi ya yote, nakuomba kwa jina la Babu Nicholaus, usimtanie.

Mumeo ukikubali bado,
Erasmo


Kihagara, 2 Juni 2024

Mume wangu Erasmo,

Marahaba. Barua yako ya kunitahadharisha ilifika Ijumaa. Wageni walifika Alhamisi. Bakili anasema ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti alikuwa amelipeleka kwa dobi.

Kwa hiyo gauni la kanisani sikuvaa. Nilikuwa uani naanika usipa, kanga imelowa, mikono inanuka, ndipo nikaona koti linakuja. Ndani ya koti mlikuwa na mzee. Koti zito la baridi ya Litembo, hapa ziwani, saa saba mchana, jasho linamwingia machoni. Nyuma yake binti mwembamba ana mkoba. Mzee alipiga hodi kama anayekuja kukamata mtu.

"Namtafuta mwanamke anaitwa Vitalia."

"Umeshampata, karibu."

"Namtafuta Vitalia mke wa Erasmo."

"Ndiye mimi."

Akachungulia nyuma yangu, mlangoni, aone kama kuna mwingine atatoka. "Yule mwenye mitumbwi," akasema.

"Mitumbwi imekwenda kuvua," nikamwambia. Mungu anisamehe, nilishindwa.

Akasimama pale. Nilimwona anayatafuta maneno aliyoyatunga njia nzima tangu Litembo, na yote yalikuwa yamekatwa kwa kipimo cha mwanamke wa miaka arobaini na sita. Hakuna hata moja lililonienea. Mwisho alivua kofia akasema, "Shikamoo." Nikamwacha asimame nayo kidogo, halafu nikasema marahaba baba, kaa. Akakaa juu ya kinu. Nikampa maji, akavua koti, na alipolivua ndipo kicheko kikamtoka. Alicheka mpaka Hilda akaja kuuliza kama kuna msiba.

Binti hakucheka. Alipiga goti kwenye mchanga, akaniamkia, akasema, "Bibi, mimi ndiye Devotha. Nilikosea, nilianza kukutafuta kwenye kompyuta kabla sijaja kwako." Hapo nilikuwa nimeandaa maneno yangu ya mke mkubwa, makali kabisa, nikajikuta namwambia ainuke asije akachafuka.

Akatoa kipimo, akanifunga mkono. Akapima, akahamia mkono wa pili, uso ukambadilika. Akauliza dawa ziko wapi. Nikamwonyesha mkebe. Akaona zimelala vile vile tangu mwezi wa pili. Akaniuliza kwa nini, wala hakuuliza kwa ukali. Baba yake akasema anakwenda kulitazama ziwa. Yule mzee ana akili nyingi kuliko koti lake.

Nikamwambia, na wewe nakwambia kwa sababu najua atakusimulia. Nikienda kliniki, simu yako inanyamaza. Nikikosa, unaandika. Hiyo ndiyo hesabu yangu yote, na ilikuwa inalipa. Hata kumeza niliacha, nikisema nikipona kabisa nani ataniuliza. Ulipochumbia bila kuniambia, nikasema basi, sasa amepata wa kumuuliza umekula nini, mimi nimebaki na mbuzi. Niliona aibu kulisema hilo kwa mdomo, mtu mzima kama mimi, nikaligeuza utani. Wewe ukaniambia utani una mwisho, nikaona na hicho kidogo umenipokonya. Nililia, Erasmo. Siku nzima.

Devotha alikaa chini pale pale karibu yangu, akaanza kugeuza usipa uliokuwa juani, hanitazami. Halafu akasema, "Bibi, ukifa hata huo ujumbe hautakuja." Ana mdomo huyo binti. Nimempenda.

Dawa ya kwanza alinimezesha yeye, na maji akanishikia kikombe. Wamelala kwangu siku tatu. Mzee Xaveri amekula samaki wetu mbasa mpaka akasema huko milimani wamedanganywa maisha yao yote. Anasema matangazo yasomwe. Barua hii nampa Devotha, Bakili asiiguse.

Mkeo,
Vitalia


Mbinga, 16 Juni 2024

Mke wangu Bibi Vitalia,

Shikamoo. Devotha alinipa barua yako gereji, mbele ya wateja. Nilipofika pale kwenye hesabu yako, nililala chini ya pikipiki ya watu nikajifanya natafuta panapovuja. Nilikuwa nalia, Bibi. Aliyenifundisha kuandika jina langu ni wewe, na mwaka mzima nimelitumia kuomba unga.

Mzee Xaveri anakusalimu, anaulizia mbasa. Koti ameliacha kwako, anasema ulitunze, atalifuata.

Fundi wa mfumo amefika. Umri wako sasa ni sabini na nane. Alikuwa tayari kunifuta na mimi kwenye faili lako, lakini kwanza nikasema nimuulize Devotha. Akasema twende wote.

Tulipofika mapokezi, Devotha akataka na kwake iandikwe kuwa mimi ni mwenza wake, maana mwezi wa nane si mbali. Kauthar akaandika jina langu, mashine ikagoma. Ikaonyesha kwamba mwanaume huyu tayari ana mke, ikauliza huyu ni mke wa ngapi. Foleni yote ikasogea mbele kuchungulia, hata watoto. Kauthar akaogopa kugusa kitu. Devotha akainama, akabonyeza mwenyewe: wa pili. Halafu akamwambia fundi, "Usimfute. Wa kwanza yuko Kihagara. Niongezee na namba yangu kwake, ujumbe uje kwetu wote wawili." Mbeba magunia akasema hajawahi kuona ukewenza wa amani namna hii.

Mzee Xaveri aliposikia, alikwenda mbio kwa paroko kuuliza kama ni dhambi. Paroko akamwambia kompyuta si sakramenti. Matangazo ya kwanza yamesomwa leo, na hakuna aliyeinuka kupinga.

Kliniki yako ni tarehe nne Julai. Devotha anasema ukikosa atateremka na baba yake, na safari hii watakaa mwezi.

Mumeo, sasa hata kwa mashine iliyorekebishwa,
Erasmo


Kihagara, 4 Julai 2024

Mume wetu Erasmo,

Marahaba. Nimetoka kliniki sasa hivi. Presha imeshuka, nesi amenisifu mbele ya watu.

Kwa hiyo simu zenu hazitalia. Nangoja nione kama mtaandika.

Mkeo wa kwanza,
Vitalia